Kumnyang'anya simu hakusaidii

Dada, umeuliza kama umpokonye simu binti aliyeachwa na mvulana, ili ajione ana thamani tena. Hapana, kumpokonya hakumrudishii thamani yake, kutamfundisha kuficha tu. Mpe kazi anayoiweza, watu waione. Mimi ni matroni wa bweni hapa Kigoma, na wanaosimama haraka ni wenye jambo lao: kwaya, netiboli, hata hesabu za genge la mama. Mmoja wa Ujiji alikuwa analia kila jioni. Likizo shangazi yake akamkabidhi daftari la mawese: madumu mangapi yameingia, nani kalipa, nani anadaiwa. Wateja wakawa wanamuuliza yeye, siyo shangazi. Alirudi shule anatembea kichwa juu. Halafu msifie kwa alichofanya; akisikia "mrembo" tu kutwa nzima, ataamini hana kingine, na atakayemwambia hivyo barabarani atamchukua kirahisi.

Ila akiacha kula, akikosa usingizi siku nyingi au akianza kutaja kufa, usingoje: mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kwa ushauri kuna 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, Tanzania nzima.