Msipake rangi juu ya fangasi! Majibu kwa wapangaji

Masika ya Dar yakiisha tu meseji za kuta zinaanza, nyingi zinafanana, nimechukua hizi saba.

Shikamoo, niko Tabata. Nyuma ya kabati ukuta umeota madoa meusi, nguo zinanuka uvundo. Baba mwenye nyumba kasema nipake rangi. Ipi nzuri?

Marahaba. Hakuna. Hili swali nalijibu kila mwaka na kila mwaka watu wanaenda kununua ndoo ya rangi. Fangasi anaishi kwa maji, ukimpaka rangi na maji bado yapo anaibandua anatokea tena. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Futa kipande cha ukuta kikauke, bandika nailoni ngumu na selotepu pande zote nne, usiiguse siku mbili. Matone yakikaa juu ya nailoni, upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa yenu wenyewe: mnaanika nguo ndani, mnapika madirisha yamefungwa, kabati limegandana na ukuta. Livute lipate nafasi ya kupitisha kiganja, na yale matundu ya hewa mliyoziba na magazeti kisa mbu yazibueni muweke wavu. Matone yakiwa chini ya nailoni, upande wa ukuta, basi maji yamo ukutani, bomba au bati au msingi, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Mimi niliwahi kufuta doa moja juu ya kitanda wiki tatu mfululizo, kumbe nyuma yake ni bafu la jirani na kiungo cha bomba kinatoa tone tone, fundi alivyogonga tu plasta ikadondoka laini kama andazi lililochovywa kwenye chai.

Nikapime wapi kujua kama ni ule ukungu mweusi wenye sumu?

Usipoteze hela. Rangi ya ukungu haikwambii una madhara kiasi gani. Mweusi, kijani, wote unatolewa na wote unarudi kama hujakausha ukuta.

Nimechanganya jiki na siki iwe kali zaidi, sasa macho yanawasha. Kawaida?

Toka humo ndani sasa hivi, acha mlango wazi! Jiki ikikutana na siki, au na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine mbaya vilevile. Kifua kikibana nenda hospitali. Jamani nimesema mara ngapi, jiki inachanganywa na maji PEKE YAKE. Na kwa doa dogo wala huihitaji, maji ya sabuni na brashi yanatosha, vaa glavu na barakoa, usikwangue pakiwa pakavu maana vumbi lake linasambaa chumba kizima. Jipsamu ya dari ikishalowa na kuota usihangaike kuisugua, inakatwa inatupwa.

Mwanangu ana pumu, usiku anakohoa, chumba chake kina ukungu.

Asilale humo hata leo, mama. Ukungu unaamsha pumu. Mpeleke hospitali na umwambie daktari habari za huo ukuta, wazazi wengi wanataja kikohozi tu, chumba wanasahau.

Kigamboni huku, chini ya ukuta kunatoka unga mweupe. Fangasi?

Unyunyizie maji. Ukiyeyuka ni chumvi, unyevu unapanda kutoka ardhini unaibeba, mara nyingi aliyejenga hakuweka nailoni juu ya msingi au alitumia mchanga wa baharini. Fangasi bado, ila ukuta umelowa na anakuja.

Nililipa miezi sita inaisha, mama mwenye nyumba hapokei simu zangu za ukuta. Niache kulipa?

Usiache kimya kimya, utageuziwa kesi wewe ndio mdaiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba akupangishie nyumba inayofaa binadamu kuishi na iendelee kufaa muda wote wa mkataba, kwa hiyo haki unayo, unachokosa ni ushahidi. Piga picha zenye tarehe. Andika barua nakala mbili, moja asaini ubaki nayo, akikataa ipeleke serikali ya mtaa ipigwe muhuri. Muite bwana afya wa kata aje aone kwa macho yake. Ikishindikana kote kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mkikubaliana utengeneze wewe mkatane kwenye kodi, iandikwe na kusainiwa kabla fundi hajashika nyundo, nimeona watu wanatengeneza nyumba ya mtu kwa hela yao halafu wanapandishiwa kodi kwa sababu nyumba sasa ni nzuri. Inaniuma sana hii.

Dalali kanionyesha nyumba Mbezi, rangi mpya kabisa, anasema kuna mwingine anaitaka. Nilipe leo?

Usilipe leo. Rangi imepakwa nyumba nzima au ukuta mmoja? Kama ni ukuta mmoja uliza kwa nini. Fungua makabati ya ukutani unuse ndani, papasa chini ya madirisha, angalia dari kama ina miduara ya kahawia, halafu urudi mvua ikinyesha na umuulize mpangaji wa mlango wa pili dalali akiwa hayupo. Dalali akishachukua kodi yake ya mwezi mmoja hutamuona tena, wewe ndio utalala humo.