Ndege nyuma ya mama ilivyonirudishia picha yangu ya utotoni

Mwezi uliopita, kwenye kisomo cha marehemu baba, kaka yangu mkubwa alisimama mbele ya ndugu wote akakubali kwamba mtoto aliyebebwa na mama kwenye ile picha ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ni mimi. Kauli hiyo nimeisubiri tangu usichana wangu. Nyumbani kwetu picha za kaka zilijaa ukutani: kaka kakaa, kaka kasimama, kaka na baiskeli. Mimi sikuwa na hata moja ya kabla ya kuanza shule. Kila nilipouliza kuhusu ile ya uwanjani nilijibiwa, "Huyo kaka yako, mwaka 1962, baba anakwenda Uingereza safari ya kwanza." Mama alikwisha tangulia mbele za haki, na shangazi zangu walirudia walichosikia. Nikanyamaza, ila moyoni halikutoka.

Ndege ndiyo iliyonisemea.

Picha ya ukutani haikuwa na ndege. Miaka ya themanini ilipelekwa studio moja mjini ikuzwe, fundi akaona ndege inaharibu, akaikata na kubakiza watu. Nyuma ya kitenge cha mama pakabaki weupe mtupu. Mpaka leo nikilikumbuka hilo roho inaniuma. Nakala ya asili nimeipata kwa shangazi Tanga, ndani ya kopo la bati la biskuti, imebandana na kadi ya kliniki. Ni ndogo, inaenea kiganjani. Lakini kwenye kona ya kulia, juu ya bega la mama, kuna injini mbili zimebanana ubavuni mwa ndege, karibu kabisa na mkia. Chini ya bawa hakuna kitu. Na kwa kioo cha kukuzia nikasoma 5H, mwanzo wa herufi za usajili wa ndege za Tanzania, kabla ya herufi nyingine kupotelea nyuma ya mwavuli wa mtu.

Basi shika hili, maana ndilo kubwa: kabla ya kutafuta jina la ndege, angalia injini zimekaa wapi. Injini mbili kila upande, huko nyuma mkiani, na lile bawa dogo la mkia likiwa juu kabisa, basi kwa ndege za East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, hiyo ni VC10. VC10 iliruka kwa mara ya kwanza Juni 1962 huko Uingereza, na abiria wakaanza kuipanda 1964. East African Airways walipokea Super VC10 yao ya kwanza 1966. Kaka yangu alizaliwa 1961. Angekuwa na miaka mitano au zaidi, na mtoto wa pichani hata shingo haijakaza. Mimi nimezaliwa 1967, na baba aliondoka mwaka huohuo kwa safari yake ya pili.

Kama kweli ingekuwa 1962, kwenye shirika letu wakati ule ndege ya jeti ya kwenda London ilikuwa Comet 4, iliyoanza kazi kwao 1960. Comet injini zake nne zimezama ndani ya mabawa, pale bawa linapoungana na mwili. Ukiitazama kwa ubavu unaona matundu tu. Huwezi kuichanganya na VC10 hata picha ikiwa na ukungu. Na ukiona injini mkiani lakini moja tu kila upande, usikimbilie VC10. East African walikuwa pia na DC-9, nazo ni za miaka ya sabini.

Tangu nieleze habari hii mnaniletea picha nyingi, nami nashukuru. Nyingi ni Dakota, ile ya pangaboi mbili inayokaa pua juu kwa sababu gurudumu lake la tatu liko mkiani. Dakota peke yake haikupi mwaka, ilitumika muda mrefu mno. Hapo soma herufi za usajili. VP-K ni Kenya ya mkoloni, VR-T ni Tanganyika, VP-U ni Uganda. Baada ya uhuru zikawa 5Y, 5H na 5X. Herufi mbili hizo zinaweza kukuambia babu alisafiri chini ya bendera ipi. Fokker Friendship nayo ina pangaboi mbili, lakini bawa liko juu ya madirisha na mwili umelala sawa na ardhi. East African walianza nayo 1962.

Kinachoniudhi ni watu kunitumia picha iliyopitia WhatsApp mara kumi, halafu imekatwa. Ndugu zangu, msikate picha! Mnabakiza nyuso ambazo tayari mnazijua, mnatupa bawa, gari la mafuta na jengo la uwanja. Tengeneza nakala kwa skana, picha nzima mpaka kingo zake, na ugeuze upande wa nyuma pia, kwa maana muhuri wa studio na mwandiko wa penseli huwa huko. Halafu nenda kwa wazee wakiwa bado wapo. Usiwaulize "huyu ni nani", watakupa jina walilozoea kulitaja. Waulize mlifika uwanjani kwa gari la nani, nani alilia, mlikula wapi. Shangazi nilipomwuliza hivyo ndipo akakumbuka kwamba siku ile kaka aliachwa shule.

Sisemi haya kuwaaibisha waliotulea. Lakini mtoto wa pili naye ni mtoto, na familia ikishaamua picha ni ya fulani, mwenye picha atakufa bila kujiona. Usikubali jibu la sebuleni. Nenda kachimbe.

Msomaji wangu wa Lindi, picha yako ndiyo imenifurahisha kuliko zote. Ile ndege iliyotua baharini, bawa moja juu na injini nne usoni mwake, ni Short Empire ya Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza. Walianza kupita pwani yetu 1937, wakitoka Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam, wakitua Lindi kabla ya kushuka kwenda Msumbiji na Durban. Kwa hiyo huo mwaka 1930 ulioandikwa kwenye albamu haiwezekani, ndege ya aina hiyo ilikuwa bado haijatengenezwa. Herufi zinaanza na G, ya Uingereza, ila zilizofuata sizioni vizuri kwa sababu ya mkunjo. Itoe kwenye albamu taratibu, uipitishe kwenye skana upya, na uniletee na upande wa nyuma.