Barua kwa Mwanangu Aliyeuliza Kuhusu Tenisi ya Wawili Wawili

Mafinga, Mufindi

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Barua yako ilinifikia Jumamosi, nikaisoma mara mbili, kisha mama yako akaisoma kwa sauti ili bibi yako naye asikie. Sote hatujambo, na baridi ya huku unaijua. Umeeleza kwamba kocha wa chuo chenu huko Marekani amekuondoa katika orodha ya wanaocheza mmoja mmoja, akakuacha katika tenisi ya wawili wawili peke yake, na kwamba anakushauri ukimaliza shahada mwakani uifanye hiyo kuwa kazi ya kukulisha. Halafu ukaniuliza: "Baba, hii ni kazi kamili, au ni kapu la kutupia walioshindwa kusimama peke yao?"

Swali hilo limenikaa moyoni juma zima, kwa sababu nilihisi kwamba uliliandika ukiwa umeumia. Basi nianze na jibu, maelezo yafuate. Ni kazi kamili, tena ina ufundi wake ambao bingwa wa mmoja mmoja anaweza kustaafu bila kuujua. Ila ni kazi ambayo huwezi kuifanya peke yako hata siku moja, na hapo ndipo ninapotaka uangalie kwa makini kuliko mahali pengine popote, kuliko hata kwenye fedha.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu niliokota mipira katika kiwanja cha shamba la chai alikofanya kazi babu yako. Habari hiyo unaijua juu juu tu. Kilikuwa kiwanja cha udongo mwekundu. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, tulikimwagilia maji, tukakishindilia kwa pipa la chuma lililojazwa zege, kisha tukachora mistari kwa kamba na chokaa. Jumapili walikuja kucheza vijana wa ofisini wenye mapigo ya nguvu, na karibu kila Jumapili walifungwa na wazee wawili, karani wa mizani na fundi wa boila ya kiwandani. Karani alikuwa na kitambi na fundi alichechemea. Mimi nilisimama nyuma kabisa, penye uzio, mgongoni mwa anayeanzisha mpira, na kutoka pale niliona kitu ambacho wapinzani hawakuweza kukiona. Karani, akiwa ameinama karibu na wavu, aliweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Akikunja ngumi, maana yake ilikuwa ninabaki hapa nilipo. Akifungua kiganja, maana yake ilikuwa ninavuka, wewe njoo uzibe nafasi yangu. Fundi aliutazama mkono ule, akakohoa kidogo kuonyesha kwamba ameelewa, akapiga. Mpira uliporudi ulimkuta karani amekwisha kusimama katika njia yake, naye akaugusa tu kama mtu anayerudishia mlango, ukaanguka mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Miaka mingi baadaye, nilipowaona mabingwa wa dunia kwenye televisheni wakionyeshana ngumi na kiganja mgongoni vivyo hivyo, nilimwita mama yako kutoka jikoni aje aone, akaniuliza kwa nini nina machozi.

Wewe unazijua hesabu za kiwanja kuliko mimi, lakini zitazame tena kwa jicho la swali lako. Mmoja mmoja huchezwa katika upana wa mita 8.23. Wawili wawili huongezewa vichochoro vya pembeni, upana ukafika mita 10.97, na urefu ukabaki uleule wa mita 23.77. Kwa hiyo kila mtu anabaki na mita tano na nusu hivi za kulinda, na ule uwezo wa kukimbia na kupiga kutoka nyuma saa nne mfululizo, ambao ndio roho ya mmoja mmoja siku hizi, unashuka thamani. Kinachopanda thamani ni kuanzisha mpira pale hasa mlipokubaliana, kuurudisha chini, miguuni mwa anayekimbilia wavuni, kuupiga hewani kabla haujagusa ardhi, na kuamua kufumba na kufumbua kwamba mpira wa katikati ni wa nani. Isitoshe, tangu mwaka 2006 mashindano ya kawaida ya wanaume yanachezwa kwa utaratibu ambao mkifika 40 kwa 40, yaani mkilingana mwishoni mwa gemu, pointi moja inaamua, na seti ya tatu imeondolewa, mahali pake pakawekwa mchuano wa kufikisha pointi kumi. Wanawake nao wanaufuata. Katika utaratibu huo, mtu anayebeba kosa lake kwa dakika mbili amekwisha kushindwa, na mwenzake ameshindwa pamoja naye.

Utaratibu wenyewe ulizaliwa na mvutano. Mwaka 2005 waendeshaji wa mashindano ya wanaume walitaka kubadili kanuni kwa namna ambayo ingewapendelea wanaocheza mmoja mmoja, na wachezaji wa wawili wawili, ndugu Bob na Mike Bryan wakiwemo, wakaenda mahakamani huko huko Marekani uliko, hadi pande mbili zikapatana. Kwa hiyo ukiwasikia watu wakisema kwamba hao ni wachezaji wa daraja la pili, ujue kwamba maneno hayo ni ya zamani, na kuna waliokwisha kuyapinga kwa gharama zao wenyewe.

Hao Bryan walikuwa pacha, mmoja wa mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, nao wakatwaa pamoja mataji 119, kati yake 16 ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa kuliko yote, ya Australia, Ufaransa, Wimbledon huko Uingereza na US Open ya Marekani, na dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Walipita chuoni kama wewe, miaka miwili Stanford, wakaisaidia timu yao kuwa bingwa wa vyuo mwaka 1997 na 1998. Waliacha kucheza mwaka 2020 wakiwa na miaka 42. Umri huo usikushangaze, kwa kuwa ndio zawadi kubwa ya kazi hii. Hsieh Su-wei wa Taiwan alishinda Wimbledon ya wawili wawili wanawake mwaka 2023 akiwa na miaka 37. Anayenigusa zaidi ni Rohan Bopanna wa India, ambaye familia yake inalima kahawa katika milima ya Kodagu kama wenzetu wa Mbozi. Mwaka 2010 yeye na Aisam-ul-Haq Qureshi wa Pakistan walifika fainali ya US Open, Mhindi na Mpakistani upande mmoja wa wavu, wakafungwa na Bryan. Akaendelea. Gegedu za magoti zikaisha, akajishikiza kwa mazoezi ya yoga, na mwaka 2024 huko Australia, akiwa na Matthew Ebden, akatwaa taji lake la kwanza la Grand Slam la wawili wawili wanaume. Alikuwa na miaka 43, na tangu wachezaji wa kulipwa waruhusiwe mwaka 1968 hakuna mwanamume mwenye umri mkubwa zaidi yake aliyewahi kulitwaa taji la namna hiyo.

Nawe usiseme kwamba hayo ni ya watu wa mbali. Cara Black wa Zimbabwe alikulia katika shamba la parachichi nje ya Harare, ambako baba yao alitengeneza viwanja vya nyasi. Kaka zake Byron na Wayne wote wawili walipata mataji ya Grand Slam ya wawili wawili, na yeye akafika nafasi ya kwanza duniani. Mwaka 2004 alishinda Wimbledon kwa mchanganyiko, yaani mwanamume na mwanamke upande mmoja, akiwa na Wayne, kaka na dada wa tumbo moja. Hapa jirani, mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walitwaa taji la wasichana la Wimbledon katika wawili wawili, naye akawa Mkenya wa kwanza kupata taji la vijana la Grand Slam. Siku hizi, nikipita kwenye miche ya parachichi ambayo kila mtu hapa Mufindi na Njombe anapanda, huwa ninaikumbuka familia ya Black.

Sasa fedha, na hapa sitakuficha neno. Wimbledon ya mwaka 2023 ilimpa bingwa wa wanawake wa mmoja mmoja pauni 2,350,000. Hsieh na mwenzake Barbora Strýcová, mabingwa wa siku zilezile katika nyasi zilezile, walipewa pauni 600,000 za kugawana. Hao ni walio kileleni. Ngazi utakayoanzia wewe ina mashindano ambayo zawadi yote, ya wachezaji wote, ni dola 15,000, na sehemu ya wawili wawili ndani yake ni ndogo, ilhali nauli, chakula na kufunga nyuzi za raketi unalipa mwenyewe. Mama yako alipiga hesabu hiyo nyuma ya bahasha yako, akaikunja bila kusema kitu. Ninachoweza kusema ni kwamba huko chini mshahara haupo, na atakayedumu ni yule mwenye kitu kingine cha kumshikilia kwa miaka ya mwanzo.

Tena kuna dharau ambayo utakutana nayo. Mwaka 2025 US Open walibadilisha mashindano yao ya mchanganyiko, wakaweka jozi 16 tu, nyingi zikiwa za nyota wa mmoja mmoja, na dola milioni moja kwa washindi. Waitaliano Sara Errani na Andrea Vavassori, waliokuwa mabingwa watetezi na wanaoishi kwa kazi hii hii unayoiuliza, waliingizwa wakiwa karibu jozi pekee ya aina yao. Wakaifunga jozi moja baada ya nyingine, hata Iga Swiatek na Casper Ruud kwenye fainali. Niliamka usiku kuangalia. Nilichokiona ni karani wa mizani na fundi wa boila.

Nirudi kwenye mwenzi. Katika kuingia mashindanoni, nafasi yako na ya mwenzako katika orodha ya dunia hujumlishwa, kwa hiyo hata ukipanda namna gani, anayekuvuta chini au kukuinua ni mwingine. Wapo wanaokutana na kuelewana mara moja: Gabriela Dabrowski wa Kanada na Erin Routliffe wa New Zealand walianza kucheza pamoja Agosti 2023, na mwezi uliofuata wakawa mabingwa wa US Open. Na wapo wanaolazimika kuachana kwa muda. Bob Bryan alipoumia nyonga mwaka 2018, Mike alishinda Wimbledon na US Open akiwa na Jack Sock, kisha pacha wake alipopona akarudi kwake. Fikiri ni moyo gani unaohitajika kwa kila mmoja wa watu watatu hao.

Mimi moyo huo sikuwa nao, na hili sijawahi kukuambia. Mwaka 1989 nilichaguliwa kucheza wawili wawili katika mashindano ya mashamba ya chai, mwenzangu akiwa dereva wa lori, mtu mpole. Tulifika nusu fainali. Mwishoni alikosa mipira miwili rahisi kabisa ya wavuni, nami nikamtazama mbele ya watu kwa namna ambayo hata mwamuzi aliinamisha kichwa. Sikumtukana, nilimtazama tu. Katika pointi iliyofuata hakuweka tena mkono mgongoni, alisimama pale kama mlingoti, tukafungwa. Jumapili iliyofuata nilimpitia kwake, akaniambia kwa adabu kwamba ana kazi ya kupakia magunia. Akaniambia hivyo tena na tena mpaka nikaacha kwenda. Tulifanya kazi shamba moja miaka sita zaidi, tukisalimiana.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Maliza shahada kwanza, kwa sababu ndiyo itakayokulipia nauli siku zawadi isipotosha. Ukianza, jipe miaka miwili, na usiache kabisa mazoezi ya mmoja mmoja, maana nafasi ya mmoja mmoja nayo huweza kutumika kuingilia wawili wawili, na mguu wa kukimbia ni mali. Usikubali kupangiwa mwenzi mpya kila juma kama kibarua. Katika barua yako ndefu umeniandikia juu ya kocha, chuo na viwango, ila juu ya msichana unayecheza naye umesema tu kwamba anatoka Chile na kwamba mmeshinda michezo tisa. Niandikie jina lake. Niambie ni nani kati yenu anayecheza kulia na nani kushoto, na siku mliyofungwa mlikula chakula meza moja au mbili.

Mama yako na bibi wanakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.