Kifusi cha manispaa: usimwachie dalali

Juzi usiku kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata kazi ya manispaa, jengo la soko. Tumechimba msingi na sehemu ya magari chini, sasa udongo umejaa saiti mpaka kijiko cha kuchimbia hakina pa kugeukia. Kuna dalali anasema ataubeba wote bure. Nimwachie?"

Marahaba mdogo wangu. Usimwachie.

Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnaonisoma ni wakandarasi wa daraja la saba na la sita, yale ya chini kabisa, kama nilivyokuwa mimi, na hakuna kati yenu asiyeiota tenda ya serikali. Basi jueni kwamba kiwanja cha mtu binafsi na kiwanja cha halmashauri havifanani. Kwa mtu binafsi, ukishachimba mwenyewe anakwambia niondolee uchafu huu, ukauze, ukamwage, shauri yako. Kwenye eneo la halmashauri, udongo ule ni mali ya umma mpaka mkataba useme vinginevyo. Leo unaonekana uchafu. Siku ukipata bei, utashangaa wenyewe wanavyojitokeza.

Mimi nilipata kazi ya aina hiyo kwenye halmashauri moja hapa hapa Dar, sitaitaja. Nilikuwa mwanamke peke yangu saiti ukimtoa mama ntilie, na mafundi walinipa jina la Mama Kifusi kabla hata ya mshahara wa kwanza. Juu tulikuta mchanga mwekundu mzuri, chini yake udongo wa mfinyanzi, mweusi ule unaong'ang'ania buti. BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake kwenye mkataba, ilisema udongo uliozidi upelekwe mahali atakapoelekeza msimamizi. Nikaandika barua kuuliza: ni wapi? Kimya. Nikaandika tena. Kimya. Nakala zote nikazigonga mhuri wa masjala, nikaweka kwenye faili.

Wakati nasubiri jibu, wateja hawakusubiri. Mwenyekiti wa mtaa alitaka tripu chache za kuziba mashimo ya barabara yao. Mchungaji alitaka za uwanja wa kanisa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi jirani alikuja na daftari lenye picha za watoto wamesimama kwenye maji darasani. Na mzee mmoja mwenye kiwanja bondeni alikuja na pesa taslimu kwenye bahasha, anataka ajaze mpaka mtoni ajenge fremu za maduka.

Huyo mzee nilimkatalia pale pale, na narudia kwenu wote: msipeleke kifusi bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Weka sheria pembeni kama huiogopi. Kumbuka Desemba 2011, watu zaidi ya 40 walivyokufa kwa mafuriko katika jiji hili, na familia zikahamishiwa Mabwepande. Bonde likijazwa, maji hayaishi, yanatafuta nyumba ya mwingine. Kila anayemwaga tripu yake bonde la mto Msimbazi anasema ni moja tu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vijana wanapofia. Chukua shimo la mfano: urefu mita 40, upana 25, kina 3. Hizo ni meta za ujazo 3,000, na ndizo utakazolipwa, kwa sababu kipimo cha BOQ ni cha shimo, udongo ukiwa bado umelala ardhini. Ukiuchimba unafumuka. Mchanga hufumuka kidogo, mfinyanzi zaidi. Tuseme robo: sasa una 3,750 za kubeba. Kwa tipa ya ujazo wa 15 ni tripu 250. Kama ulipigia hesabu 3,000, uliweka bei ya tripu 200. Hizo 50 za ziada, dizeli yake, dereva wake na posho za njiani, zinatoka mfukoni kwako. Na uzito sijaugusa. Gari la tairi kumi halitakiwi kuzidi tani 26, gari na mzigo wake pamoja, kwa sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfinyanzi wenye maji ukiujaza hadi juu ya ubao umeshapita mbali, kwa hiyo tripu zinaongezeka tena. Mimi hesabu hii niliifanya kabla ya kujaza tenda. Wenzangu wawili walioshindana nami hawakuifanya, na bei zao zilikuwa chini ya yangu. Nashukuru Mungu kazi ilitolewa kwa vigezo vingine pia.

Kwa hiyo usikimbilie kutoa. Kwanza tenganisha. Mchanga mwekundu niliuweka upande wake, mfinyanzi upande wake, vipande vya zege la jengo la zamani upande wa tatu. Mwekundu nikaufunika turubai, kwa sababu nilijua msingi ukishasimama nitahitaji udongo wa kurudishia pembeni, unaoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Nimeona wakandarasi wa daraja kubwa kuliko langu wakilipa tipa ziondoe udongo mzuri, halafu baada ya miezi wanalipa tena tipa nyingine ziwaletee kifusi kutoka Bunju. Wanalipa mara mbili na wanaitwa wazoefu.

Mwishowe jibu lilikuja, baada ya mimi kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya mhandisi tangu asubuhi na thermosi yangu ya chai. Barua ikatoka: mwekundu uliobaki uende shule ile kuinua uwanja, mwingine barabara ya mtaa, na mfinyanzi uende dampo la Pugu Kinyamwezi kufunikia taka. Kanisa halikupata. Mchungaji alininunia, lakini barua haikumtaja, na mimi sikuwa na udongo wangu wa kutoa sadaka.

Kila gari lililotoka getini lilikuwa na karatasi: namba ya gari, saa, aina ya udongo, linakokwenda, saini ya mlinzi, na saini ya aliyepokea kule. Bila saini ya mpokeaji, dereva halipwi. Walinung'unika sana. Dereva wa tipa akipewa uhuru atamwaga kwenye kona ya kwanza yenye giza arudi kudai tripu nyingine. Mpima naye alichukua vipimo vya eneo kabla ya kuchimba, baada ya kuchimba, na vya lundo lenyewe.

Halafu ukaja mkutano wa hadhara wa mtaa. Mtu mmoja, namjua na ananijua, akasimama akasema yule mama anauza udongo wetu usiku. Watu wakapiga makofi. Magari ya usiku yalikuwepo kweli, ila yalitoka saiti nyingine barabara ya pili. Nani aulize? Mama yangu mzazi alizisikia habari hizo sokoni kabla sijamwambia. Siku chache baadaye mkaguzi akafika. Nikamwekea faili mezani, akajumlisha karatasi, akalinganisha na vipimo vya mpima, akaenda shuleni kuona uwanja, akaondoka. Taarifa yake haikunigusa popote. Lakini hakuna aliyerudi mkutanoni kusema hivyo. Yule bwana tunakutana dukani hadi leo, ananisalimia vizuri tu, naitikia.

Ndiyo maana nawaambia, ndugu zangu: andikeni. Usipojibiwa, andika tena. Kijana wa siku hizi anataka Land Cruiser kabla hajajua kutunza karatasi. Anaona dalali anayebeba bure ni malaika. Hakuna anayebeba bure Dar es Salaam, jamani, mafuta yanauzwa! Anaubeba kwako bure anaupeleka kwa yule mzee wa bondeni kwa bahasha, na siku wakiulizwa umetoka wapi, watataja bango lililo mbele ya saiti yako, lenye jina la kampuni yako. Na ukisema basi nitauza mwenyewe, Sheria ya Madini inahesabu mchanga na kokoto kuwa madini ya ujenzi, yana vibali na mrabaha wake. Mcheni Mungu, na tunzeni mafaili.

Wewe uliyeniandikia, kesho asubuhi fungua mkataba uone unasemaje kuhusu udongo uliozidi, kisha uandike barua kwa msimamizi. Ukijibiwa, kimbia na mfinyanzi kwanza, kwa sababu masika ikianza Machi hautabebeka na utaichafua lami yote mpaka barabara kuu. Dalali mwambie alete barua ya mahali anapoupeleka, yenye mhuri. Akiileta nipigie picha unitumie, maana miaka yote hii sijawahi kumwona dalali mwenye barua.