Msaada wa gharama za malezi, Unguja

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Umeuliza utapata wapi msaada wa ada ya skuli ya maandalizi na ujira wa mlezi, kwa kuwa unafanya kazi Darajani na baba wa mtoto ameacha kuchangia. Naona uanzie kwa baba, kwani hiyo ni haki ya mtoto wala si hisani: Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya mwaka 2011, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na mahakama inaweza kuamuru matunzo yalipwe hata kama mmeshaachana. Nenda kwanza kwa afisa wa Ustawi wa Jamii wa wilaya yako, ukiwa na cheti cha kuzaliwa na hesabu ya matumizi ya mwezi iliyoandikwa. Wengi huenda mikono mitupu, wakarudishwa, wakakata tamaa, na jambo hilo linaniuma sana. Ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, ni ya kaya maskini zinazotambuliwa katika shehia, hivyo muulize sheha wako utaratibu wa kuandikishwa. Zipo pia skuli za maandalizi za Serikali, ambazo gharama yake ni nafuu kuliko za binafsi. Ulizia nafasi kabla ya Januari.