Barua kwa mwanangu: kuhusu zile hesabu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama diploma yako ya TEHAMA inakuwezesha kuingia shahada ya sayansi ya kompyuta, na kama ipo njia ya kuisoma bila kupita kwenye hesabu. Swali la kwanza ni jepesi. La pili limeniuma, maana hofu hiyo naijua ilikoanzia. Kidato cha pili ulichapwa mbele ya darasa kwa kukosea desimali, na tangu siku ile daftari la hesabu ukawa hulifungui mpaka uambiwe.

Kwa wenye diploma, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka ufaulu wa masomo 4 ya kidato cha nne, kuanzia D, na GPA, yaani wastani wa alama za diploma, isiyopungua 3.0. Wewe una 3.4. Hicho lakini ni kima cha chini, na kila programu inaweza kuongeza masharti yake. Kwenye kompyuta nyongeza yenyewe mara nyingi ni hesabu, kwa hiyo ile D yako ya hesabu usiidharau. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka huu, ule wa wenye diploma. Mdogo wako, akimaliza kidato cha sita, atapimwa kwa prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango kikuu, zenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Usichanganye na yako.

Ukishaingia, ni miaka 3 na krediti 360, kila krediti ikihesabiwa saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Kuandika programu, kanzidata, mitandao, hayo umeshayaonja. Kigeni kwako kitakuwa hisabati diskriti, kalkulasi, matriksi na uchambuzi wa algoriti, yaani hatua ambazo programu hufuata kutatua jambo.

Sasa nikukumbushe ile programu uliyowaandikia akina mama wa kuweka na kukopa. Walipokuwa 200 ilikwenda vizuri. Walipoungana na vyama vingine wakafika 6,000, ikawa inaganda kila inapotafuta majina yaliyoandikishwa mara mbili. Ukaazima kompyuta mpya, nayo ikaganda. Ulilia, nakumbuka.

Ulikuwa unalinganisha kila jina na majina yote. Kwa watu 200 hiyo ni 200 mara 200, yaani 40,000. Kwa watu 6,000 ni 36,000,000. Wanachama wameongezeka mara 30, kazi imeongezeka mara 900! Hata mashine yenye kasi mara kumi isingekufikisha mbali: wanachama wakiongezeka mara nne tu, kazi imeshapanda mara 16. Ungeyapanga majina kwanza kwa alfabeti, yanayofanana yangekaa jirani. Kuyapanga kwa njia nzuri ni kama 6,000 mara 13, hatua 78,000 hivi. Hiyo 13 inatoka wapi? Ligawe kundi la 6,000 nusu kwa nusu mpaka abaki mmoja, uhesabu umegawa mara ngapi. Ni logi, yaani logarithimu, mwanangu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Orodha yao ikiwa imepangwa, ukaangalia jina la katikati na kuacha nusu isiyohusika kila mara, jina lolote unalipata kwa kuangalia majina yasiyozidi 26.

Mimi nilikuwa mtoto serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, mwaka 1974. Logi nilijifunza kwenye jedwali, na kompyuta niliigusa nikiwa nimeshazaa. Nilipoona mambo ya jedwali lile yamo ndani ya mashine yako, nilifurahi mno, nikatamani nawe uyaone.

Unaweza kuchagua shahada ya teknolojia ya habari, ambako kwa kawaida hesabu ni chache zaidi. Ni kazi ya heshima, na moyo wako ukiwa huko nitakuunga mkono. Lakini wewe hukuniambia unataka kusimamia mitandao ya ofisi. Uliniambia unataka kujua kwa nini programu iliganda. Jibu la swali hilo limo kwenye hesabu unazotaka kuzikwepa, na mafunzo ya bure ya mtandaoni unayoyafuata hayajakupa.

Hata induksheni, ile njia ya kuthibitisha jambo kwa mfuatano mzima, inayowatoa watu jasho mwaka wa kwanza, umeiona kwenye msaragambo. Watu wanapanga mstari wakipokezana tofali. Wa kwanza akipewa, na kila anayepokea akampa wa mbele yake, tofali litafika kwa fundi hata mstari uwe mrefu namna gani. Huhitaji kumkagua kila mtu. Unathibitisha mambo mawili tu.

Likizo ya Idi njoo nyumbani. Vitabu nimeshavitoa sandukuni, na mchwa hawajavigusa. Tutaanza na seti na mantiki, asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na hakuna atakayekuchapa. Ile programu ya akina mama njoo nayo kwenye flashi. Tutaanza kwa kuyapanga yale majina.

Mama yako