Nimeongeza mpira, mbona plastiki bado inavunjika?

SWALI: Nina karakana ndogo ya kutengeneza hanga za nguo kwa polistairini. Zilikuwa zinavunjika kama glasi, nikachanganya mpira uliosagwa, asilimia 8 ya uzito. Bado zinavunjika, na sasa hata mng'ao umepotea. Nimekosea kipimo?

JIBU: Kipimo hakina neno, ndugu yangu. Polistairini ya viwandani isiyovunjika upesi, ile inayotandazwa ndani ya friji, nayo huwa na mpira wa asilimia 5 hadi 10 tu. Shida yako ni chembe.

Polistairini tupu ikipigwa hutoa ufa mmoja, nao hukimbia hadi mwisho. Ikiwa na chembe za mpira zinazofaa, pembeni mwa kila chembe huzuka vijiufa vingi vidogo mno, vilivyoshonwa bado na nyuzi za plastiki. Pigo huishia humo. Ule weupe unaotokea ukipinda kifuniko cha plastiki ndio huo. Kwa polistairini, chembe hizo huwa za mikroni 1 hadi 5 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zikiwa ndogo mno, vijiufa havizuki vya kutosha. Mpira wa kusaga huwa na punje za mamia ya mikroni, kwa hiyo umejaza hanga zako kasoro, na uso ukakwaruza.

Kiwandani hawasagi. Mpira wa polibutadieni huyeyushwa ndani ya stairini, malighafi ya polistairini, ingali kimiminika, kisha hupikwa ukikorogwa, na stairini hugeuka polistairini kidogo kidogo. Mwanzoni polistairini ndiyo matone ndani ya mpira. Ikishaongezeka, mambo hugeuka na mpira ndio unakuwa matone. Hapo kasi ya kukoroga huamua ukubwa wa chembe. Katika kugeuka huko, kila tone humeza vipande vya polistairini, na hivyo mpira kidogo hushika nafasi kubwa. (Wataalamu huziita chembe za salami, kwa kuwa chini ya hadubini zinafanana na soseji hiyo yenye madoa.) Tena minyororo ya polistairini (molekuli zake ndefu) huota juu ya mpira wenyewe, kama kikonyo kilichopandikizwa kwenye mwembe. Mpira wako haukushikana na chochote.

Mashine yako haiwezi kuyafanya hayo. Nunua polistairini iliyokwisha kuongezwa mpira kiwandani, uichanganye na yako. Anza nusu kwa nusu, angusha hanga sakafuni, kisha punguza au ongeza. Mng'ao wa kioo hautarudi. Na usizianike juani dukani: jua huuchakaza mpira huo haraka.